Mikono Juu ya Meza

Kwa miaka thelathini na mitatu Edilma Zemanate alifundisha hisabati katika chuo kikuu cha Popayán, na kwa miaka yote hiyo alihesabu kwa vidole. Hakuficha sana. Alipokuwa ubaoni, amewapa wanafunzi mgongo, akifika mahali pa kujumlisha nane na tano, mkono wake wa kushoto ulishuka ubavuni na vidole vikaanza kujikunja kimoja kimoja, huku mkono wa kulia ukiendelea kuandika alama ambazo nusu ya darasa haikuzielewa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walicheka. Wa mwaka wa nne hawakucheka tena, na baadhi yao walikuwa wameshaanza kumwiga.

Mgeni mmoja kutoka Bogotá aliwahi kumtania mbele ya watu, akamuuliza inakuwaje profesa mzima anahesabu kama mtoto wa chekechea. Edilma alimjibu bila kukasirika kwamba yeye ni mtu wa hisabati, na kama mgeni anatafuta mtu wa kujumlisha haraka, sokoni yuko mama wa viazi ambaye hana mpinzani mji mzima. Ndivyo alivyokuwa. Aliweza kukaa asubuhi nzima amefumba macho akilizungusha kichwani umbo ambalo halina mahali pa kukaa katika dunia hii, aone linapojikunja na linapojipasua, lakini saba mara nane ilikuwa ikimpiga chenga tangu darasa la pili.

Nyumbani vidole vilikuwa na kazi nyingine. Edilma hakuolewa, aliishi na mdogo wake, Aldemar, aliyekuwa nyuma yake kwa miaka kumi na mmoja na aliyezaliwa na hali ya Down, inayochelewesha ukuaji wa akili. Ni Edilma aliyemfundisha kuhesabu, wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, mikono yake na ya mdogo wake imeunganishwa ili wapate vidole ishirini. Aldemar akakua, akawa mtu mzima mwenye mvi masikioni, lakini hakuwahi kuamini namba ya mdomoni. Ukimwambia chakula kitakuwa tayari baada ya dakika sita, alikutazama mikono mpaka uinue vidole sita. Ukishainua, basi, ameridhika, hatauliza tena. Mama yao alipofariki, mahakama ilimfanya Edilma mlezi wa Aldemar kisheria, na kwa miaka kumi na tisa wakaishi wawili. Yeye alifundisha, Aldemar alifagia ua, alilisha kuku, alibeba kapu la sokoni na kuwajua kwa majina mbwa wote wa mtaa.

Edilma alistaafu akiwa na miaka sitini. Mwaka uliofuata, Jumanne moja ya Agosti, aliinjika maziwa jikoni, akamwacha Aldemar pale mezani akichambua maharage, akaenda sebuleni mara moja tu kuandika jambo lililomjia. Jambo lenyewe alikuwa akilitafuta tangu Pasaka. Maziwa yakachemka, yakafurika, yakauzima moto, na gesi ikaendelea kutoka. Jirani yao, Orfilia, ndiye aliyeinusa kutoka uani kwake. Aliingia bila kubisha, akafunga mtungi, akafungua madirisha, akamkuta Aldemar ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi, maharage yametapakaa sakafuni. Edilma aliposikia vurugu na kutoka sebuleni, kalamu bado ilikuwa mkononi.

Aldemar alilazwa siku mbili, amewekewa hewa puani. Akapona. Lakini habari ilishafika Cali, kwa Nubia, dada yao wa katikati, ambaye alikuwa karani katika kliniki ya meno na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja na basi la asubuhi. Alimkumbatia Aldemar, akapika supu, akafua shuka, na baada ya hapo ndipo alipomwita dada yake wakae.

Alimwambia hakuja kumlaumu. Alisema hata yeye ameunguza vyungu vyake. Lakini safari hii kidogo tu wangemzika mtu.

"Umri unakwenda, dada," alisema.

"Umri umekwenda, sikatai. Lakini maziwa nayasahau tangu nina miaka ishirini. Mama alikuwa ananikimbiza na mwiko. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana naogopa. Mtu ambaye hajawahi kusahau, akianza kusahau, watu wanajua. Wewe tutajuaje?"

Hoja ilikuwa nzuri. Angekuwa mwanafunzi wake angempa alama zote.

Nubia hakumzunguka. Alimweleza wazi kwamba ameshafika mahakama ya familia, na kwamba hakimu anataka cheti cha daktari kuhusu akili ya mlezi. Kikiwa kizuri, mambo yatabaki yalivyo na yeye atanyamaza. Edilma alikubali palepale, tena kwa moyo mwepesi. Mtihani ndio kitu pekee ambacho hakuwahi kukiogopa maishani. Alikuwa ameufanya na kuutunga mara zisizo na idadi.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na sijui kama hilo lilisaidia au ndilo lililoharibu. Aliwaambia Nubia na Aldemar wasubiri kwenye benchi la nje, akamkaribisha Edilma, akamwita mama, akamuuliza kama ofisi haina baridi sana. Kisha akamwomba ataje mwaka, mwezi, mji, ghorofa waliyopo. Akampa maneno matatu ya kukumbuka: mkate, ufunguo, mto. Edilma alijibu yote haraka. Alipoulizwa mwezi ule una siku ngapi, alipapasa vifundo vya ngumi yake kwa kidole, kama alivyofundishwa utotoni, akasema thelathini. Daktari aliandika kitu.

"Sasa, mama, nataka utoe saba kutoka kwenye mia. Ukipata jibu, utoe tena saba, hivyo hivyo mpaka nikwambie basi. Taratibu tu."

Chini ya meza, juu ya goti, vidole vikaanza kazi. "Tisini na tatu," alisema Edilma. Vikarudi mwanzo, vikakunjika tena. "Themanini na sita."

Daktari aliinama kidogo pembeni, akatazama chini ya meza.

"Samahani, mama. Bila vidole. Mikono juu ya meza, tafadhali."

Edilma alijaribu kucheka. Alimweleza kwamba yeye huhesabu hivyo siku zote, kwamba ni profesa wa hisabati, kwamba hata wenzake wa chuoni wanamjua kwa hilo. Daktari aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kuonyesha amesikia, kisha akasubiri. Edilma akaweka viganja vyake juu ya meza, vimelala wazi, kama mtu anayepekuliwa. Alivitazama. Themanini na sita ilikuwa pale, anaiona, na saba ilikuwa pale, na kati yake hapakuwa na kitu. Alijaribu kuhesabu kwa ulimi nyuma ya meno, lakini hakujua amefika jino la ngapi.

"Sabini na nane," alisema.

"Endelea."

"Sabini na…" Kidole kidogo cha kushoto kilitingishika. Daktari alikiona. Edilma alikikandamiza mezani. "Sabini na mbili. Hapana. Samahani. Nilikuwa nimesema ngapi?"

Daktari alisema inatosha, amefanya vizuri, akamuuliza yale maneno matatu. Akakumbuka mkate na mto. Ufunguo ulikuwa umepotea, kwa sababu kwa dakika tano nzima hakufikiria kitu kingine ila mikono yake.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye alilijutia kuliko yote. Aliomba karatasi. Akaandika, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka, uthibitisho wa jambo alilogundua akiwa na miaka thelathini na moja na ambalo watu wa nchi mbili tatu za mbali bado walikuwa wakilitumia. Aliandika mistari kumi na nane bila kusimama na bila kufuta. Alipomaliza alimsukumia daktari karatasi kwa kidole, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mwili wake ulitulia.

Daktari aliitazama juu mpaka chini. Alikuwa mtu mwungwana. Hakujidai kuielewa, wala hakucheka.

"Naona, mama," alisema. "Una mwandiko mzuri."

Akaipinda mara mbili na kuitia kwenye faili pamoja na michoro ya saa na ya pembe tano aliyomchoresha mwanzoni. Edilma aliona wazi karatasi ile imegeuka kuwa nini: mikwaruzo ya mama mmoja aliyeombwa atoe saba kutoka kwenye mia.

Cheti kilisema kuna dalili za mwanzo, na kwamba apimwe tena baada ya miezi sita. Hakikusema zaidi ya hayo. Edilma alikwenda kwa mkuu wa kitivo, Wilmar Velasco, ambaye alikuwa mwanafunzi wake na ambaye alikasirika zaidi yake. Wilmar aliandika barua ya kurasa mbili, akaweka muhuri, akaipeleka mahakamani mwenyewe. Hakimu aliisoma yote. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mafua siku hiyo, na aliwaeleza bila haraka kwamba hana shaka yoyote juu ya heshima ya profesa. Barua inazungumzia hisabati, alisema, na yeye anatakiwa kuamua kuhusu jiko. Mpaka kipimo cha pili, ulezi uhamie kwa Nubia.

Edilma alitafuta mtu wa kumkasirikia, akamkosa. Wote walimpa kiti. Wote walimwita kwa heshima. Nubia alilia ndani ya teksi, kweli alilia, akasema hakutaka iwe hivi. Naye Edilma, aliyezoea kupekua hoja mpaka aone mahali ilipooza, aliipekua hii usiku na mchana na hakuona ilipooza. Mtu alikuwa karibu kufa jikoni kwake. Asubuhi moja, akikoroga sukari guru kwenye maji ya moto, aliweka mkono mmoja juu ya meza na kujiuliza nane na tano ni ngapi. Jibu halikuja. Akajaribu kukumbuka kama liliwahi kuja lenyewe, hata siku moja, hata alipokuwa na miaka ishirini na tano na kila mtu akimwita kichwa cha ajabu. Hilo nalo hakulikumbuka, na ndilo lililomtia hofu.

Nubia alikaa ghorofa ya nne na kazini alishinda kutwa. Hakuweza kumweka Aldemar kwake. Alitafuta akapata kituo cha watawa mjini Cali, mahali safi, penye bustani na watu thelathini wa hali kama yake. Siku ya kuondoka Aldemar alivaa shati lake la Krismasi. Alibeba mkoba wa kitambaa ambamo Edilma alimtilia nguo, redio ndogo na mfuko wa empanada, zile sambusa za viazi na karanga. Kuku aliwaaga mmoja mmoja. Mlangoni alisimama.

"Dada, siku ngapi?"

Nubia alisema ni chache tu, mpenzi, chache. Aldemar hakumtazama. Alikuwa akitazama mikono ya Edilma.

Edilma alijua hakuna namba. Miezi sita ilikuwa zaidi ya siku mia na themanini, na hata hizo si ahadi ya mtu yeyote. Angeweza kusema sijui, lakini sijui haina vidole. Aliinua mkono wa kulia. Aldemar akasubiri. Aliinua na wa kushoto. Basi akawa ameinua yote kumi, kwa sababu mikono iliishia hapo.

"Kumi," alisema Aldemar, na akapanda gari bila kugeuka nyuma.

Kituo kilitaka wageni wasije wiki mbili za mwanzo, ili aliyeletwa azoee. Edilma alipofika Jumapili ya kwanza iliyoruhusiwa, Aldemar alikuwa amesimama getini na mkoba wake begani, redio ndani, shati la Krismasi limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mtawa mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba amekuwa akisimama pale kila siku kuanzia siku ya kumi, asubuhi mpaka chakula cha mchana. Edilma alikaa naye kwenye benchi. Alijaribu kumweleza kuhusu daktari na hakimu, na aliposikia maneno yake mwenyewe aliona hata yeye hayaelewi. Saa tisa alipoondoka, Aldemar alimfuata mpaka getini, na ilibidi watawa wawili wamshike mikono. Hakupiga kelele. Alimnyooshea tu Edilma vidole vyake kumi, kisha akavikunja vyote, kumwonyesha kwamba vimekwisha.

Ilikuwa hivyo Jumapili ya pili na ya tatu. Basi lilichukua saa tatu kwenda na tatu kurudi, na Edilma alizimaliza akitazama miwa ya bondeni, bila tatizo lolote kichwani. Lile jambo lililomjia siku ya maziwa hakulimalizia kamwe. Daftari lilikuwa wazi sebuleni na alilipita kila siku kama mtu anavyompita jirani waliyegombana naye.

Jumapili ya nne Aldemar hakuwepo getini.

Edilma alidhani anaumwa. Alimkuta bwaloni, amevaa aproni, akipanga vijiko. Alikuwa amepewa kazi hiyo, pamoja na mwenzake mmoja mrefu asiyeongea aitwaye Gildardo, na walikuwa wakizunguka meza, mmoja vijiko, mmoja vikombe. Alimbusu dada yake shavuni, akamwambia akae asubiri. Mkoba ulikuwa chumbani, ukining'inia kwenye msumari, mtupu. Nguo zilishapangwa kabatini.

Mwezi wa Machi Edilma alikwenda kupimwa mara ya pili. Safari hii alijiandaa, na hilo alikuwa hajalifanya kwa mtihani wowote maishani mwake. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano: alizikariri akifagia, akazirudia akioga, kama sala ya lugha asiyoijua. Mikono aliiweka mezani mwenyewe kabla ya kuambiwa. Daktari alikuwa yuleyule na sauti ileile. Edilma alizitaja zote tano bila kupepesa, akataja na maneno matatu, na daktari akafurahi kwa dhati, akasema kwamba huenda matokeo ya kwanza yalikuwa wasiwasi tu, hutokea. Alipotoka nje Edilma alikaa kwenye benchi. Amefaulu kwa kukariri, kitu alichowakataza wanafunzi miaka thelathini na mitatu. Hakujua kama hilo linathibitisha kwamba akili yake ni nzima au kwamba ameidanganya hospitali.

Hakimu aliandika kwamba kizuizi juu ya ulezi wa Edilma kimeondolewa, na kwamba dada wakubaliane wenyewe kuhusu makazi ya Aldemar, kwa kuangalia linalomfaa yeye. Nubia alimpigia simu jioni ileile. Alisema kama Edilma anataka amrudishe, yeye hatapinga. Halafu akasema watawa wameleta ripoti, kwamba ameongezeka kilo tatu na anaimba.

Jumapili iliyofuata Edilma alikwenda Cali na karatasi ya hakimu ndani ya pochi. Safari nzima alipanga atakavyomwambia. Alifika wakati wa chakula. Aldemar alimshika mkono akampeleka mezani, akamkalisha karibu na Gildardo, akamwekea kijiko. Edilma alikula maharage na wali na ndizi ya kukaanga. Aldemar hakukaa, alikuwa na kazi. Alipita nyuma ya viti vya watu akikagua meza, akinong'ona namba.

Walipomaliza, Edilma alimwita pembeni.

"Alde, unataka twende nyumbani?"

Aldemar alifikiri. Alimtazama Gildardo, akaitazama sinia ya vikombe.

"Leo?" aliuliza.

"Leo. Au siku nyingine. Ukitaka."

"Leo nina vyombo," alisema. Akampapasa dada yake begani, kama unavyompapasa mgeni aliyekuja siku mbaya, akarudi jikoni.

Edilma alikaa bwaloni mpaka meza zote zikafutwa. Karatasi hakuitoa. Mtawa alimletea kahawa, akamuuliza kama kuna jambo lolote analotaka kuzungumza na mkuu wa kituo, na Edilma akasema hapana, si leo. Kwenye basi la kurudi alijaribu kujua kama amemwacha kule kwa sababu kule ni kwema, au kwa sababu anaogopa jiko lake mwenyewe. Alianza kulipanga swali kama alivyozoea, hiki upande huu, kile upande ule. Basi lilipofika Santander de Quilichao, abiria walishuka kununua matunda, wakapanda tena, na yeye alikuwa bado hajavuka mstari wa kwanza.